Mlango Mwepesi

Mfuniko wa pipa ndio uliomgutusha Sajini, si gari.

Gari alishalizunguka mpaka suruali ikashika masizi. Lilikuwa limelazwa ubavu nyuma ya karakana ya jeshi, nusu chini ya turubai, limeungua likabaki gofu. Wanajeshi saba walifia ndani yake huko ng'ambo, walikopelekwa kulinda amani katika nchi ambayo amani yenyewe ilikuwa bado haijafika. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ilikuwa imelimaliza suala hilo kwa lugha safi kabisa. Gari lilikuwa la deraya, ilisema, lenye milango ya chuma kinene kisichopitisha risasi, na hakuna risasi iliyopita. Dereva ndiye aliyekwenda mbio ovyo, akauacha msafara, akalipindua gari, likawaka moto. Kwa maneno mengine, adui hakuua mtu. Dereva ndiye aliyewaua wenzake.

Dereva huyo kambini walimwita Taratibu. Wenzake walimtania kwamba akishika usukani hata kobe humpigia honi. Walioandika ripoti hawakuuliza jina hilo lilitoka wapi, na Sajini alipomaliza kuisoma aliamini hawakuuliza lolote.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke aliyestaafu kutoka polisi wa jeshi, na cheo cha usajini kikamganda kama jina. Sasa alikuwa mpelelezi wa Kamati ya Bunge ya Ulinzi, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ni kupeleka maswali wizarani na kurudi na tabasamu. Safari hii Mwenyekiti wa Kamati alikuwa amemwambia, "Pitapita tu, Sajini, uone kama kuna kilichosahaulika. Waziri anajibu bungeni leo alasiri." Baada ya jibu hilo, maneno ya ripoti yangeingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge na hakuna ambaye angeyatoa humo. Kule kambini, kwenye ukuta wa mashujaa, mchonga mawe alikuwa ameshachonga majina sita. Mahali pa jina la saba aliambiwa apaache kwanza, asubiri Waziri aseme.

"Karibu maji, Afande," Koplo alisema.

Koplo aliyelinda uwanja ule aliwahi kufanya kazi chini yake, na mpaka leo akimwona alivuta tumbo ndani. Alisukuma mfuniko wa pipa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe, akachota. Sajini akapokea kikombe. Hakunywa.

"Mfuniko huo umeutoa wapi?"

"Huu? Ulidondoka siku winchi ilipokuwa inalishusha gari. Nikaona utalala bure, nikaufanyia kazi. Vumbi la hapa, Afande, ukiacha maji wazi unakunywa tope."

"Hebu sogea."

Ulikuwa mlango wa dereva. Kitasa kilikuwepo, bawaba zilikuwepo, na upande wa chini rangi ya kijani ya jeshi ilikuwa imesalimika. Katikati palikuwa na matundu yaliyofuatana kwa mstari, na Koplo alikuwa ameyaziba kwa kipande cha gunia. Sajini akalitoa gunia, akapitisha kidole kwenye kingo. Upande wa nje zilikuwa zimezama. Upande wa ndani zilikuwa zimechanua kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Risasi zilitoka nje zikaingia ndani, na aliyekuwa amekaa hapo alizipokea zote.

Akapanga miguu, akakaza mgongo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua mfuko wa saruji, kisha akaunyanyua. Nusura aanguke chali. Mlango ulimfuata wote bila ubishi.

"Pole, Afande," Koplo alisema. "Mwepesi huo. Hata mimi na mgongo wangu huu nauweza."

"Koplo, mlango wa deraya unabebwa na watu wangapi?"

"Wanne. Ukiwapa watatu watakununia siku..." Akautazama mfuniko wake, akalitazama gofu, akaurudia mfuniko. "Mama yangu wee."

"Umekuwa ukiuona kila siku."

"Nimekuwa nikiona mfuniko, Afande."

Sajini hakumlaumu. Watu wenye ofisi na viyoyozi hawakuona hata mfuniko.

"Nauchukua," alisema.

Koplo akajikuna kichwa. "Nimeamriwa gari lisitoke hapa."

"Mlango ni gari?"

Koplo aliwaza sana, kwa uso wa mtu anayejua kwamba kuwaza kwake kutamletea balaa. "Mlango si gari," akasema mwishowe. "Wakija watauliza gari, nami nitawaonyesha gari." Akafunika pipa kwa turubai.

Wazo la kwanza la Sajini lilikuwa wizi, na wizi katika karakana ile ulikuwa na mwenyewe. Mkuu wa mafundi aliitwa Nati, kwa sababu kila kitu kilichopotea pale kilianza kupotea kama nati. Kambi nzima ilisema alijijengea nyumba yenye geti la chuma ambalo hata kifaru hakilisukumi. Kama mtu alibadilisha milango ya deraya na kuweka ya bati, hapakuwa na haja ya kutafuta mbali.

Alimkuta chini ya lori, miguu tu nje. Karakana ilinuka grisi na mpira ulioungua. Sajini akavuta jeki lililolala, akalikalia, akazungumza na viatu.

"Nati, ile milango ya deraya umemuuzia nani?"

Viatu vilikuwa vinacheza wimbo wa redioni. Vikatulia.

"Nina kazi, Sajini."

"Una geti la chuma nyumbani kwako."

Chini ya lori kukatoka kicheko, kisha Nati mwenyewe akateleza nje, uso umejaa mafuta. "Nimeitwa mengi mimi. Mwizi wa spana, sawa. Dizeli kidogo, hayo tuyaache. Lakini mlango ule mmoja unataka wanaume wanne na matusi. Nitautoa hapa vipi, mfukoni? Nenda kaligonge geti langu. Bati tupu. Upepo ukivuma mke wangu hulitukana mpaka majirani wanatoka."

"Nimeshaligonga. Nimepita kwako kabla ya kuja hapa."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nilipolitaja geti ulicheka. Nilipoitaja milango ulitulia. Kwa hiyo hukuiba, lakini unajua."

Nati akachukua tambara akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, kazi ambayo ingeweza kuchukua mchana kutwa.

"Magari yaliyonunuliwa yalikuwa manane," Sajini akaendelea. "Mwenyekiti wangu aliyakagua yote kwa siku moja. Manne ya kambi ya juu asubuhi, manne ya kambi ya bondeni jioni. Kila mlango aliugonga kwa fimbo yake. Anatusimulia hadi leo, ngo, ngo, chuma kitupu. Ana maneno mengi lakini kuhusu hilo hasemi uongo. Milango mizito ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Kwa magari yote manane?"

"Muulize mheshimiwa wako mchana walikula nini."

"Nati, sina siku nzima."

"Nakujibu! Kati ya kambi ya juu na kambi ya bondeni waheshimiwa walikula mchana. Chakula kirefu, Sajini, sijapata kuona. Kikafuata hotuba, ikafuata bendi. Bendi ilipiga mpaka wapiga tarumbeta wakavimba midomo. Sisi hapa hatukula."

Sajini alipokuwa kuruta, kikosi chao kilikuwa na chupa moja ya maji isiyovuja. Siku ya ukaguzi, ofisa akishaitazama na kupita, chupa ilisafiri nyuma ya migongo hadi kwa wa pili, ikaenda kwa wa tatu, na ofisa akaandika kwamba kikosi kizima kina chupa nzima. Kila mtu aliyewahi kuvaa gwanda anaujua mchezo huo. Kuruta akishikwa nao hukimbizwa uwanjani mpaka atapike. Hakuwahi kufikiri kwamba serikali nzima, yenye bendera na muhuri, ingesimama kwenye mstari na chupa ya kuazima.

"Mliazimana," alisema.

"Bandika bandua," Nati alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Milango mizito ilikuja ya magari manne tu. Mengine tuliletewa ya bati, rangi ile ile, kitasa kile kile. Mzee alipoondoka kambi ya juu tukaing'oa, tukaipakia lori, tukaifunga kambi ya bondeni. Mheshimiwa anameza, sisi tunakaza. Vijana wangu walilia, nisikufiche."

"Nani aliamuru?"

"Simu."

"Simu haina cheo."

"Hii ilikuwa nacho."

Hakusema zaidi kuhusu simu, na Sajini aliona usoni mwake kwamba hata akimning'iniza kwenye winchi hatasema. Akabadilisha njia. "Mnafanya kazi kwa haraka namna hiyo, hamkuacha alama?"

Nati akatabasamu bila furaha. "Hatukuacha sisi. Fimbo ya mzee wako ina ncha ya shaba, imelika upande mmoja. Akigonga inaacha alama kama ukucha. Asubuhi aligonga kila mlango chini ya kitasa. Tukipaka rangi itanuka, tukaacha. Jioni akaja, akagonga pale pale. Mimi nimesimama hapo jasho linanitoka. Lakini mzee alikuwa anatazama kamera, hakutazama mlango."

"Kwa hiyo kila mlango mzito una kucha mbili."

"Mbili."

"Na yale manne ya ng'ambo yalikwenda na bati."

"Yalikwenda na bati. Mizito ilibaki. Tukaambiwa ifungwe kwenye magari ya penye hatari zaidi."

"Hatari zaidi kuliko vitani? Wapi huko?"

"Mimi fundi, Sajini. Ramani hawanipi." Akalala tena chali, akateleza chini ya lori. Sauti yake ikatoka humo, imebanwa. "Taratibu alikuja mwenyewe kulichukua lile gari. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akanitazama. Hakusema kitu, unamjua alivyo. Ndiyo maana huko hakwenda mbio. Mtu anayejua amekalia bati hakimbii kuuacha msafara."

"Utayasema hayo mbele ya Kamati?"

"Nina watoto, Sajini."

Viatu havikucheza tena.

Mke wa Taratibu alikuwa pale alipokuwa kila asubuhi tangu maziko, mbele ya ukuta wa mashujaa. Watu walimwita Mama Pacha. Wajane wale sita walikuwa wameacha kumsalimia, na mapacha wake walirudi shuleni na maneno ambayo watoto huyasikia mezani kwa wazazi: baba yenu aliwachoma baba zetu. Kando yake mchonga mawe alikuwa ameketi juu ya ndoo, patasi mfukoni, akisubiri serikali. Pengo la jina la saba lilikuwa limeshapigwa msasa.

"Dada," Mama Pacha alisema, "huyu bwana ananiambia wakisema lake halimo, atapajaza saruji. Nimemwambia asije akathubutu mbele yangu."

"Mimi naambiwa tu, mama," mchonga mawe alisema. "Hata mimi sipendi."

"Twende bungeni," Sajini akamwambia Mama Pacha. Walipofika kwenye gari lake akafungua nyuma. Mama Pacha akauona mlango. Hakuuliza wa nini. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, kisha jingine, akafuata mstari hadi mwisho.

"Alikuwa amekaa hapa?"

"Ndiyo."

"Na wao wanasema hakuna risasi iliyopita."

"Ndivyo walivyoandika."

Mama Pacha akafunga buti kwa nguvu mpaka gari likayumba. Hasira ilimfaa kuliko machozi, na Sajini alifurahi kuiona.

Uwanja wa magari wa Bunge ulikuwa na maua na chemchemi inayorusha maji juu bila kazi yoyote. Walimsubiri Mwenyekiti kivulini. Badala yake ukaja msafara wa Waziri wa Ulinzi: gari jeusi katikati, magari manne ya kijani ya jeshi mbele na nyuma. Waziri akapanda ngazi huku akipunga mkono. Askari mmoja wa msafara, mwembamba, shingo ndefu, akabaki kufunga mlango wa gari la mbele. Aliusukuma kwa mikono miwili. Haukutosha, akaongeza na nyonga.

Ngo.

Sajini alikuwa ametoka kunyanyua mlango wa aina hiyo kwa mkono mmoja, na mwili wake ukaijua tofauti kabla ya akili. Akaenda polepole kama mtu anayetafuta choo. Chini ya kitasa palikuwa na kucha mbili za shaba, bega kwa bega. Gari la pili, mbili. La tatu hakuhitaji kulitazama.

Penye hatari zaidi. Kumbe ni hapa, kati ya maua na chemchemi.

Mwenyekiti alifika akiwa na miwani mipya na fimbo yake ya siku zote. Alikuwa mzee mwenye mguu mbovu na sauti nzuri, na watu walimpenda kwa vyote viwili.

"Sajini! Umepata neno?"

"Naomba ugonge hapa, Mheshimiwa. Kama ulivyogonga siku ile."

Hakuna ombi lingine lingemfurahisha zaidi. Mzee akapanga miguu, akageuka kidogo kuangalia kama kuna kamera, akagonga chini ya kitasa. Ngo. "Unasikia? Chuma kitupu! Nilisema mimi."

"Sasa tazama ulipogonga."

Akainama. Palikuwa na kucha tatu.

"Ya tatu ni ya sasa hivi," Sajini alisema. "Hizo mbili ni za siku ya ukaguzi. Uliugonga mlango huu kambi ya juu asubuhi, ukaugonga tena kambi ya bondeni jioni. Ulikagua milango ya magari manne mara mbili, Mheshimiwa. Njoo uone iliyobaki."

Akampeleka kwenye buti lake. Mzee, kwa mazoea tu, akagonga. Mlio ulikuwa wa debe, na ncha ya shaba ikazama kwenye tundu la risasi ikakwama. Ilibidi aivute mara mbili ndipo itoke. Mama Pacha alisimama karibu akimtazama, mikono kifuani.

"Huyu ni nani?" Mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Mke wa dereva."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipozungumza sauti nzuri ilikuwa imemkimbia. "Unataka nisimame mbele ya nchi niseme nilipigwa changa la macho na mafundi wakati nakula wali?"

"Nataka useme ulidanganywa."

"Kwa mwanasiasa hayo ni mamoja. Ripoti ya ukaguzi ina saini yangu. Picha yangu na fimbo hii iko kwenye mabango."

"Kuna jina la mtu ukutani, Mheshimiwa. Linakusubiri wewe."

"Mtu huyo ameshakufa, Sajini. Mimi bado." Alisema hivyo mbele ya Mama Pacha, kisha akashtuka kwamba amesema. Hakuomba radhi. Akarudi kwenye gari lake, akaitupa fimbo kiti cha nyuma, akafunga kwa ufunguo. Akapanda ngazi za Bunge ameshika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua chache, na watu wakamkimbilia kumsaidia.

Waliketi juu, kwenye viti vya wageni. Waziri alisoma jibu lake vizuri, akitua penye mkato na kupumua penye nukta. Serikali ilisikitishwa. Vifaa vilikuwa vya kiwango cha juu. Uchunguzi ulibaini uzembe wa dereva. Serikali ingeendelea kuwapeleka vijana wetu popote amani inapowahitaji, na kikosi kingine kilikuwa tayari kuondoka mwezi ujao.

Spika akauliza kama Kamati ina neno.

Mwenyekiti akasimama, ameshika meza kwa mikono miwili. Hakutazama juu. "Mheshimiwa Spika, Kamati iliyakagua magari hayo mlango kwa mlango. Kamati imeridhika."

Wabunge wakapiga makofi. Wengine waligonga meza, na ukumbi mzima ukalia kwa mbao.

"Mzee yule," Mama Pacha alinong'ona, "fimbo yake iko wapi?"

"Ameisahau garini."

"Hakuisahau. Nani anasahau mguu wake?"

Sajini akainuka. Alikuwa ametumikia serikali maisha yake yote ya ukubwani. Alikwisha kuona uongo mwingi, na mwingine aliubeba mwenyewe kwa kuwa aliagizwa aubebe. Huu ulimshinda kuubeba. Akashuka ngazi, Mama Pacha nyuma yake, akaenda kwenye gari akafungua buti.

Waandishi wa habari walikuwa wamejazana kwenye ngazi za mbele, kamera mabegani, wakimsubiri Waziri atoke aseme nje yale yale aliyoyasema ndani. Alipotoka walimzunguka. Sajini akaja na mlango. Hakuuficha wala hakukimbia. Aliubeba kwa mkono mmoja, ubavuni, kama mtu anayebeba ubao wa kupigia pasi, na mkono wa pili akawasogeza watu. "Samahani. Naomba njia. Samahani, mwanangu." Wakampisha wakidhani ni fundi.

Akauweka kwenye ngazi, miguuni pa Waziri.

"Mheshimiwa, nimekuletea mali yako."

Waziri alikuwa na tabasamu la kamera, na lilichelewa kuondoka. "Mama, hiki ni nini?"

"Mlango wa gari la deraya. Chuma kinene kisichopitisha risasi. Umeusoma wewe mwenyewe sasa hivi."

Kamera zikageuka zote pamoja. Waziri akaangalia matundu. Hakuwa mjinga, na hesabu yake ilikuwa ya haraka: ukizungumza na kitu, kitu kinakuwa habari. Akaita bila kugeuka. "Askari! Ondoeni takataka hii. Na huyu mama mwulizeni ameiba wapi mali ya jeshi."

Aliyekuja ni yule mwembamba, shingo ndefu. Kila siku alfajiri na jioni alikuwa akihangaika na milango ya msafara, na alijua uzito wake kama mtu anavyojua uzito wa mtoto wake. Akapanga miguu. Akakaza mgongo. Akavuta pumzi, akaunyanyua kwa nguvu zake zote, akayumba nyuma ngazi nzima, kofia ikamtoka. Wawili wakamdaka asianguke.

Hakuna aliyecheka. Kamera zililia tu.

Askari akajiweka sawa. Mlango ulikuwa umening'inia mkononi mwake, mkono mmoja. Akaupandisha, akaushusha. Akachungulia kwenye tundu, na upande wa pili wa tundu akaliona gari la kijani alilokuja nalo, lenye mlango uliomwumiza nyonga. Uso wake ulikuwa bado wa mvulana, na kila kilichompita kichwani kilionekana hapo, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wake.

"Mheshimiwa," akasema. "Mheshimiwa, sisi tunaoondoka mwezi ujao, tutapewa ipi?"

Ndani ya Bunge hakuna aliyeuliza hivyo. Waziri akatazama saa yake. Akashuka ngazi kwa haraka, akapita gari jeusi lililokuwa mbali, akaingia kwenye la kijani lililokuwa karibu. Askari wawili wakausukuma mlango, wakaongeza nyonga.

Ngo.

Msafara ukaondoka na askari mmoja pungufu. Polisi wa jeshi walikuwa wanakuja wakivuka maua, na Sajini aliwajua wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha kushika watu. Akatoa mikono yake mbele wasipate tabu. Alijua kesho kutaundwa tume, na tume hiyo itachunguza namna mlango ulivyotoka uwanjani.

Mmoja wao akamgeukia yule askari. "Weka chini hicho, kijana. Rudi kambini."

Kijana akaanza kuinama.

"Usiuweke," Mama Pacha alisema. Alikuwa amepanda ngazi hadi ubavuni kwake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilitetemeka. "Mume wangu aliufunga mlango huo akijua. Wewe umeshajua pia. Usiuweke chini, mwanangu. Hebu nyanyua juu kidogo, wakuone unavyoubeba."